Kioo kilichokaa tanurini saa 96: kisa cha Alexei Ekimov

Mwaka 1981 wanafizikia wawili wa Leningrad, Alexei Ekimov na mwenzake Onushchenko, walichapisha makala fupi katika jarida la Kisovieti linalotoa matokeo mapya ya fizikia haraka haraka. Makala ilihusu vipande vya kioo. Ndani ya kioo mlikuwa na fuwele ndogo mno za kloridi ya shaba, na waandishi walisema jambo moja: fuwele zikipungua ukubwa, mwanga zinaoufyonza unasogea upande wa urujuani, ingawa kemia yake haijabadilika hata kidogo. Miaka 42 baadaye, tarehe 4 Oktoba 2023, Ekimov alitajwa Stockholm kuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobeli ya Kemia, kwa fuwele ndogo za namna hiyo, ambazo leo huitwa nukta za kwantamu.

Kinachonivuta katika kisa hiki ni kwamba karibu kila kilichohitajika kilikuwapo zamani. Vioo vya rangi vimetengenezwa karne na karne. Herbert Fröhlich alikwisha kuandika mwaka 1937 kwamba chembe ikiwa ndogo vya kutosha, sheria za kwantamu, zile zinazotawala atomi na elektroni, lazima zianze kujitokeza ndani yake. Spektromita, vifaa vya kuupima mwanga rangi kwa rangi, zilikuwa zimejaa maabara za dunia. Sasa kwa nini jambo likaonekana kwa mtu huyu, mahali pale, mwaka ule? Jibu langu ni kwamba Ekimov alihama. Alibeba maswali ya nyumba moja akayapeleka kwenye nyumba nyingine, iliyokuwa na kila kitu cha kuyajibu ila haikuwa na sababu ya kuyauliza. Na pale pale alipopatia ndipo palipomwekea mpaka.

Nyumba mbili za Leningrad

Ekimov alizaliwa Leningrad mwaka 1945, akamaliza Chuo Kikuu cha Leningrad mwaka 1967, kisha akaingia Taasisi ya Ioffe, ambako alipata udaktari wake mwaka 1974. Ioffe ni nyumba ya semikondakta, vitu kama silikoni vinavyopitisha umeme nusunusu. Ndiko alikofanya kazi Zhores Alferov, aliyepata Nobeli ya Fizikia mwaka 2000. Kijana aliyelelewa pale alijifunza kuitazama fuwele kama kitu chenye ngazi za nishati, na kuzisoma ngazi hizo kwa mwanga.

Kazi ya Ekimov ya awali ilihusu spini ya elektroni, yaani aina ya mzunguko elektroni iliyo nao. Ukiimulika semikondakta kwa mwanga ambao uga wake unazunguka kama parafujo, mzunguko ule huhamia kwa elektroni, nazo zikaelekea upande mmoja. Halafu unautazama mwanga unaorudishwa na fuwele, na kutokana nao unajua elektroni zilikuwa katika hali gani na kwa muda gani. Hakuna waya unaogusa chochote. Swali unaliuliza kwa mwanga, jibu unalipokea kwa mwanga. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Serikali ya Kisovieti akiwa bado kijana, lakini kwa kisa chetu kikubwa zaidi ni mazoea iliyomwachia: mstari mmoja mwembamba kwenye spektra, ile chati ya mwanga uliopimwa, ukisogea, kwake ile ni habari, lazima iwe na sababu.

Kutoka Ioffe akahamia Taasisi ya Serikali ya Optiki, iliyobeba jina la Vavilov. Ilianzishwa mwaka 1918, mwaka ule ule wa Ioffe, na chimbuko lake lina maana hapa. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Urusi ilijikuta haina kioo cha optiki cha darubini na vifaa vya jeshi, kwa kuwa kilikuwa kikitoka nje, na sehemu kubwa ya utaalamu huo ilikuwa mikononi mwa Wajerumani waliokuwa wakipigana nao. Taasisi ikajengwa ili nchi iyeyushe kioo chake yenyewe. Kufikia miaka ya 1970 palikuwa na wataalamu waliojua kuchanganya, kuyeyusha, kupoza na kupasha kioo upya hadi kikatoa rangi waliyoitaka: vioo vya kuchuja mwanga, na vile vinavyogeuka giza juani na kurudi vyeupe kivulini.

Fundi wa kioo anajua kwamba mchanganyiko mmoja ukipashwa moto kidogo unatoa njano, ukipashwa zaidi unakwenda kwenye machungwa na wekundu. Hilo lilikuwa maarifa ya kila siku. Kilichokuwa kimelala ni sababu. Na sababu ilikuwa imelala kwa kuwa palikuwa na maelezo yaliyotosheleza watu. Vioo vingi vya kuchuja vina salfidi na selenidi ya kadmiamu kwa pamoja, na ni kweli kwamba uwiano wa salfa na seleni hubadili rangi. Kwa hiyo mtu akiona rangi imesogea, husema uwiano umesogea. Maelezo yenye ukweli nusu ni kikwazo kibaya kuliko kutokuwa na maelezo kabisa, kwa sababu hayamwachii mtu kiu.

Tanuri

Kitu cha kwanza ninachokisifu ni fuwele iliyotumika. Kwa kushirikiana na wataalamu wa kioo, akiwamo Tsekhomskii, Ekimov alishika kloridi ya shaba. Hii ni shaba na klorini, basi. Hakuna salfa na seleni za kubadilishana nafasi, kwa hiyo lile jibu la zamani la uwiano linafungiwa mlango tangu mwanzo. Tena spektra ya kloridi ya shaba ilikuwa imeshajulikana vizuri kutokana na fuwele kubwa. Ina mistari miwili myembamba inayotokana na eksitoni, yaani elektroni na tundu iliyoliacha, vikishikana na kutembea kama kitu kimoja. Eksitoni ya kloridi ya shaba ni ndogo sana, chini ya nanomita moja kwa nusukipenyo. Ukiweza kuinunua fuwele bora ya kufanyia jaribio hili, ni hiyo.

Kitu cha pili ni tanuri. Kioo kilichokuwa na shaba na klorini zilizoyeyukia ndani yake kilipashwa moto kati ya nyuzi 500 na 700 za Selsiasi, kwa muda wa kuanzia saa 1 hadi saa 96. Katika joto hilo kioo hakitiririki, ila atomi zinaweza kutambaa polepole. Zinakutana, zinaunda vijifuwele, kisha vinaanza kunyang'anyana. Vile vidogo vinapoteza atomi, vile vikubwa vinazipokea. Mwenye nacho anaongezewa. Lifshitz na Slezov walikuwa wamekwisha kukokotoa mwendo huo kufikia mapema miaka ya 1960: nusukipenyo cha wastani hukua kwa mzizi wa tatu wa muda. Chukua saa 1 na saa 96 katika joto lile lile. Mzizi wa tatu wa 96 ni takriban 4.6, kwa hiyo siku nne za tanuri zinaizidisha fuwele mara nne na nusu hivi. Ukitaka tofauti kubwa zaidi, unapandisha joto.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Tanuri lile halikuwa la kupikia kioo tu. Lilikuwa kitasa cha kuchagua ukubwa. Mwanafizikia wa semikondakta aliyetaka kutengeneza kisanduku cha elektroni chenye upana wa nanomita chache alihitaji mashine za gharama za kuweka tabaka za atomi moja baada ya nyingine ndani ya ombwe, kama zilivyofanywa tabaka nyembamba zilizopimwa na Dingle na wenzake kule Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, mwaka 1974. Tena tabaka inambana elektroni upande mmoja tu. Pale Leningrad, kwa tanuri na saa ya ukutani, zilipatikana fuwele zinazombana pande zote tatu, na kioo chenyewe kikawa chombo, kifuniko na dirisha.

Ukubwa wenyewe ulipimwa kwa eksirei. Baadhi ya sampuli zilikuwa na fuwele za takriban nanomita 2, nyingine zikifika nanomita 30.

Mstari uliosogea

Sampuli zikapozwa hadi joto la heliamu ya majimaji, nyuzi 269 chini ya sifuri, ili mtikisiko wa atomi usiifute mistari. Sampuli ya fuwele za nanomita 30 ilionyesha mistari ya eksitoni pale pale inapokaa kwenye fuwele kubwa. Sampuli za fuwele ndogo zilionyesha mistari ile ile, imenenepa na kuhamia upande wa nishati kubwa. Uhamisho mkubwa kabisa ulikuwa kama elektronivolti 0.1, kipimo cha nishati ya elektroni.

Kisa hiki kinaposimuliwa kwa ufupi, watu hudhani Ekimov alipanga mezani vipande vyekundu, vya njano na vya buluu akashangaa. Ifanyie hesabu. Eksitoni ya kloridi ya shaba hukaa karibu na elektronivolti 3.2, ambayo ni urefu wa wimbi wa nanomita 387 hivi. Ukiongeza 0.1 unafika kama nanomita 376. Yote hayo yako ukingoni mwa urujuanimno, mahali ambapo jicho la binadamu limekwisha kukata tamaa. Uhamisho wa nanomita kumi na kitu, nje ya macho, uliosomwa kwenye chati ya spektromita. Rangi za kuvutia zilikuja baadaye, kwa kadmiamu. Jambo la mwanzo lilihitaji mtu aliyezoea kujali mstari.

Kwa nini mstari unasogea? Aliyewahi kukaa karibu na mpiga udi amelisikia jibu. Uzi ni ule ule, umekazwa vile vile, lakini kidole kikiufupisha sauti inapanda. Sehemu ya kutikisika imepungua, kwa hiyo mtikisiko mdogo kabisa unaowezekana una kasi kubwa zaidi. Elektroni ndani ya fuwele ni wimbi. Fuwele ikiwa kubwa, wimbi halijui kama kuna ukuta. Ikiwa nanomita 2, ukuta uko kila upande, na nishati ya chini kabisa inayoruhusiwa inapanda. Mfano wa udi una mpaka wake, maana ukigawa urefu wa uzi kwa mbili mapigo yanazidi mara mbili, ilhali kwa chembe yenye uzito nishati ya ziada inazidi mara nne. Ndiyo maana uhamisho hauonekani kabisa kwenye nanomita 30 na unaonekana wazi kwenye 2.

Na hilo "mara nne" ndilo lililoshinda kesi. Mpinzani angeweza kusema: kioo kinaibana fuwele, mgandamizo ndio unaosogeza mistari. Au: uso wa fuwele umeshikana na kioo kikemia. Hoja hizo si za kupuuzwa. Lakini waandishi hawakuwa na sampuli moja ya ajabu, walikuwa na msururu wa sampuli za ukubwa unaojulikana, na uhamisho wake ulifuata kinyume cha mraba wa nusukipenyo, kama kanuni ya chembe iliyofungiwa inavyodai. Ndiyo maana naliona tanuri kuwa kifaa muhimu kuliko spektromita. Bila kuweza kubadili ukubwa hatua kwa hatua, wangebaki na kioo cha kustaajabisha na ubishi usiokwisha.

Mwaka 1982 nadharia ikatoka mji ule ule, kwa Efros wawili, Alexander na Alexei, walioonyesha jinsi tufe la semikondakta linavyofyonza mwanga, iwe eksitoni ni ndogo kuliko tufe au tufe ni dogo kuliko eksitoni. Kufikia mwaka 1985 Ekimov, Efros na Onushchenko walikuwa wakiandika pamoja. Jina la "nukta za kwantamu" lilikuja baadaye katika muongo huo. Wao waliziita fuwele ndogo tu.

Mto wa pili

Mwaka 1983 Louis Brus wa Bell Labs, New Jersey, alichapisha jambo lile lile akitokea njia nyingine kabisa. Alikuwa na chembe za salfidi ya kadmiamu zinazoelea majini, akitaka kuzitumia kuendesha kemia kwa mwanga. Chembe mpya zilikuwa na kipenyo cha nanomita 4.5 hivi. Zilipoachwa zikakua hadi kama 12.5, ufyonzaji wake ulibadilika na kufanana na wa fuwele kubwa. Akatambua kwamba ukubwa ndio chanzo. Hakuwa na habari za Ekimov.

Kwa kawaida lawama hutupiwa siasa za wakati ule, na ni kweli zilizuia watu kukutana. Lakini jarida lile la Kisovieti lilikuwa likitafsiriwa kwa Kiingereza na kuuzwa Marekani tangu miaka ya 1960. Makala ilikuwa inasomeka. Tatizo lingine, na mimi nalipa uzito mkubwa, ni kwamba mkemia wa majimaji hakuwa na sababu ya kufungua jarida la fizikia linalozungumzia vioo. Ukuta kati ya taaluma mbili haukuwa mwembamba kuliko ule wa kati ya nchi mbili. Ekimov aliuvuka wa kwake kwa kuhama jengo. Kuuvuka huu wa pili kulihitaji mtu mwingine.

Mtu huyo, kwa sehemu kubwa, ni Moungi Bawendi, aliyezaliwa Paris, baba yake mwanahisabati wa Kitunisia. Alipita kwa Brus kama mtafiti mchanga, kisha akaenda chuo kikuu cha MIT, Marekani. Mwaka 1993, yeye na wanafunzi wake Murray na Norris walionyesha namna ya kuingiza kemikali kwa ghafla katika kiyeyusho cha moto ili fuwele zote zianze kwa mpigo mmoja na kukua kwa usawa. Zikatoka fuwele zinazolingana, zinazoelea, zinazoweza kudondoshwa juu ya kioo moja moja.

Hizo "moja moja" ndizo zinazoamua hatima ya kazi ya Ekimov katika optiki ya kwantamu. Optiki ya kwantamu huanzia pale unapouliza fotoni, yaani chembe za mwanga, zinatoka vipi, moja baada ya moja au kwa mafungu. Mwaka 1977 Kimble, Dagenais na Mandel walionyesha, kwa atomi za sodiamu, kwamba atomi moja haitoi fotoni mbili kwa wakati mmoja. Ili ufanye hivyo kwa fuwele, lazima uishike fuwele moja chini ya hadubini. Kipande cha kioo cha Ekimov kina umati wa fuwele zilizogandishwa mahali zilipozaliwa, na ule mnyang'anyano wa tanurini huziacha na ukubwa uliotofautiana. Unaposoma spektra unasoma wastani wa umati. Kioo kilichozilinda kikazifunga.

Fuwele zinazoelea zikaenda mbele. Mwaka 1996 makundi ya Bawendi na Brus yaliripoti kwamba fuwele moja ya selenidi ya kadmiamu, ikimulikwa bila kukatizwa, huwaka, ikazima ghafla, ikawaka tena, bila mpangilio. Umati hauwezi kuonyesha hilo, maana daima wengine wanawaka. Mwaka 2000 kazi mbili tofauti, moja ikitoka Santa Barbara, California, zilielekeza mwanga wa fuwele moja kwenye kioo kinachougawa njia mbili, kila njia ina kigunduzi mwisho wake. Vigunduzi viwili havikuwa vikilia pamoja, na hiyo ni katika joto la chumbani. Sababu yake ni nzuri sana: eksitoni mbili zikibanwa katika nafasi finyu vile, moja hummegea mwenzake nishati yake badala ya kutoa fotoni, kwa hiyo fotoni inayotoka ni ya mwisho aliyebaki. Ufinyu ule ule uliosogeza mstari wa Ekimov ndio unaoifanya nukta kuwa chanzo cha fotoni moja moja. Mwaka 2019 kundi la Bawendi lilionyesha, kwa fuwele za perovskaiti za sesiamu, risasi na bromini, fotoni moja moja zenye mshikamano wa mawimbi unaokaribia ule unaohitajika ili fotoni mbili ziingiliane.

Je, Ekimov alikosea kubaki kwenye kioo? Siwezi kusema hivyo. Mwaka 1981 hakukuwa na njia ya kupata fuwele safi kiasi kile, za ukubwa unaodhibitiwa, zisizochafuliwa na hewa wala maji. Chembe za Brus za mwanzo zilikuwa zikikua zenyewe mezani. Kioo kilimpa utulivu, na utulivu ndio uliomwezesha kuonyesha kanuni. Ila kila kifaa kinachokupa jibu la kwanza kina maswali ambayo hakitakubali kuulizwa, na swali la fotoni moja lilikuwa mojawapo.

Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, Ekimov alifanya kazi kwa vipindi katika nchi nyingine, na mwaka 1999 akaenda Marekani, alikotumikia kampuni ya teknolojia ya nanofuwele jimboni New York. Mwaka 2006 yeye, Alexander Efros na Brus walipewa kwa pamoja Tuzo ya R. W. Wood ya chama cha wataalamu wa optiki. Hapo mnadharia alikaa meza moja na wapimaji. Katika Nobeli ya 2023 walioitwa ni Ekimov, Brus na Bawendi, kwa kuwa tuzo haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu, na nikilazimishwa kuchagua sijui ningemwondoa nani. Hata hivyo kukosekana kwa Efros kunaniuma, kwa maana namba za Leningrad zilipata lugha kupitia kwake. Ekimov alikuwa na miaka 78 siku hiyo. Nukta zenyewe zilikuwa zimeshaingia ndani ya televisheni zinazouzwa na herufi QLED, ambazo nyingi zinatumia fuwele za ukoo wa Bawendi, zinazokuzwa ndani ya kimiminika.

Makala ya 1981 ina majina mawili juu yake. La pili ni la Onushchenko.